Moto wa Radi Usiitwe wa Mbali: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Zimamoto na Hifadhi wa Tasmania

Waheshimiwa wakuu wa Idara ya Zimamoto ya Tasmania, wa Idara ya Hifadhi na Wanyamapori, na wa shirika la misitu la serikali,

Barua hii inawajia kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda haijawahi kufika mezani kwenu, na inahusu moto wa kisiwa ambacho wengi wa wasomaji wake hawatakikanyaga maishani. Haki ya kuiandika mlitupa wenyewe. Mwaka 1982 nyika ya magharibi mwa Tasmania iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa maombi ya Australia. Ikapanuliwa mwaka 1989, ikapanuliwa tena 2013, na leo ina takriban hekta milioni 1.58, karibu robo ya kisiwa kizima. Katika vigezo kumi vinavyopima urithi wa aina hiyo, eneo lenu linatimiza saba, na duniani kote ni Mlima Taishan wa China tu unaolingana nalo kwa hesabu hiyo. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Kamati ya Urithi wa Dunia kuanzia 2015 hadi 2019, yaani miaka ile ile ambayo moto wa radi uliingia ndani ya mipaka ya eneo hilo na kutia hofu kwa wanasayansi wa nchi nyingi. Kitu kikishaandikwa kuwa cha wanadamu wote, wanadamu wote wana ruhusa ya kukiulizia. Basi nauliza.

Ninalotaka kusema ni moja. Radi kavu inapopiga porini kwenu, saa za mwanzo ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya yatakayofuata, na katika saa hizo hakuna ugomvi wowote kati ya kuokoa nyumba na kuokoa msitu. Ugomvi huo huzaliwa baadaye, moto ukishapanda vilima, ndege zikawa hazitoshi na watu wakachoka. Kanuni yenu ya kutanguliza uhai, kisha mali, kisha mazingira ni kanuni ya haki, na sina nia ya kuipindua. Ninachokataa ni kuitumia kama jibu la swali ambalo haikutungwa kulijibu: kwa nini moto mdogo uliachwa ukakua? Ushahidi nitauchukua katika misimu yenu wenyewe, na wale wanaoona kuwa jambo hili haliwezekani nitawasikiliza, maana baadhi ya hoja zao ni nzito.

Nianze na radi yenyewe. Kwa msomaji wa ukanda wa ikweta, radi hutembea na mvua: inapiga, maji yanamwagika, na mti ulioshika moto unazimwa na wingu lile lile lililouwasha. Radi kavu ni jambo jingine. Wingu hujengeka juu sana, hewa iliyo chini yake ni kavu, na matone yanayoanguka hukauka njiani au hufika ardhini machache mno kulowesha kitu. Cheche huingia kwenye gogo, kwenye mzizi, au kwenye mboji, ule udongo mweusi uliojengwa na mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Mboji ikiwa imeloa ni salama. Ikikauka huungua polepole, chini kwa chini, bila ndimi za moto. Humo moto unaweza kukaa siku kadhaa ukitoa uzi mwembamba wa moshi ambao rubani anayepita juu hauoni, hasa siku yenye ukungu au mawingu mazito. Upepo wa joto ukivuma kutoka kaskazini, unaibuka na kushika majani. Taarifa ya habari itasema moto umeanza leo. Haukuanza leo, ulianza wiki iliyopita, na pengine kuna mtu aliyekwisha kuuandika katika orodha ya moto uliozimika.

Zamani haya yalikuwa nadra kwenu. Mwaka 2018 watafiti watatu, Jenny Styger, Jon Marsden-Smedley na Jamie Kirkpatrick, walichapisha uchambuzi wa moto wa radi katika eneo lenu la Urithi wa Dunia kuanzia 1980 hadi 2016, wakaonyesha kuwa tangu kuingia kwa karne hii idadi ya moto huo na ukubwa wa ardhi unaouunguza vimeongezeka waziwazi. Matukio hayakungoja hata waandike. Tarehe 13 Januari 2016, baada ya majira ya kuchipua yaliyokuwa makavu kuliko kawaida, radi iliwasha makumi ya moto kwa mpigo mmoja; hadi kufikia mwisho zilikuwa zimeungua takriban hekta 124,000, na karibu 20,000 kati ya hizo zilikuwa ndani ya eneo la Urithi. Miaka mitatu baadaye, msimu wa 2018 na 2019, ziliungua zaidi ya hekta 200,000, karibu asilimia tatu ya kisiwa. Februari 2025 radi ikarudi, safari hii kaskazini magharibi, na takriban hekta laki moja zikaenda. Misimu mitatu mikubwa ndani ya muongo mmoja haiwezi kuitwa bahati mbaya. Ndiyo hali ya hewa mnayoishi nayo sasa, na idara iliyojengwa kwa hali ya hewa ya babu zenu haitaitosheleza.

Kinachoungua nacho kinahitaji kuelezwa, kwa sababu neno msitu linatupoteza. Sehemu kubwa ya misitu ya Australia ni mikalitusi, na mkalitusi umezoea moto: gome linaungua, miezi michache baadaye machipukizi ya kijani yanatokeza kwenye shina jeusi. Picha hiyo imepigwa mara nyingi mno hata watu wakaamini kuwa kila mti wa huko hufufuka. Juu ya nyanda za kati za Tasmania, kandokando ya vidimbwi vya maji baridi, ipo misonobari ya jenasi ya Athrotaxis ambayo haipatikani popote pengine duniani. Inakua polepole kiasi kwamba mti usiomzidi mtu mzima kimo unaweza kuwa mkongwe kuliko mji wa Hobart; mingine imepita miaka elfu moja. Haichipui ikishaungua. Haiweki akiba ya mbegu udongoni wala kwenye matunda yake ikisubiri majivu, na mbegu inazoangusha haziendi mbali. Moto ukipita mara moja, umekwisha. Moto wa mwaka 1960 na 1961 uliua sehemu kubwa ya misonobari hiyo katika Central Plateau, na hadi leo vigogo vyake vyeupe vimesimama pale pale, bila kizazi kipya chini yake. Mwaka 2016 moto ulipanda hadi karibu na Ziwa Mackenzie ukafanya vivyo hivyo. Msonobari wa Huon, unaoweza kuishi hadi miaka elfu tatu, ni wa ukoo mmoja na podo wa Usambara na Mlima Kenya. Undugu wao ni wa tangu enzi za Gondwana, bara la kale ambalo Afrika na Australia zilikuwa sehemu yake. Sisemi hivyo ili kuwagusa moyo. Nasema ili ieleweke kuwa hasara ya hekta moja ya mikalitusi na hasara ya hekta moja ya Athrotaxis haziwezi kuandikwa katika safu moja ya jedwali, ingawa ripoti za moto huziandika hivyo.

Sasa nije kwenye moto ambao, kwa maoni yangu, unabeba hoja yote. Tarehe 27 Desemba 2018 radi ilipiga karibu na mto Gell, kusini magharibi, mbali na barabara na nyumba. Moto ulionekana mapema na ukashambuliwa mapema, jambo linalostahili sifa. Kisha ukaonekana umelala. Kikafuata kipindi ambacho ulidhaniwa umekwisha au umekaribia kwisha, na haukuchunguzwa kwa ukaribu uliohitajika. Ukaamka. Tarehe 4 Januari 2019 mbingu ya Hobart iligeuka rangi ya chungwa mchana kwa moshi uliosafiri kutoka bonde ambalo wakazi wengi wa mji huo hawajawahi kufika. Tathmini mliyoiagiza kutoka kwa baraza la mamlaka za zimamoto za Australia na New Zealand, iliyotoka mwaka huo huo, ililiangalia tukio hilo bila kuficha. Siku chache baada ya moshi ule, tarehe 15 Januari, radi zaidi ya elfu mbili zilipiga kisiwani kwa siku moja na makumi ya mioto mipya ikaanza. Mmoja wao, ule wa Riveaux Road, ulianzia katika misitu iliyo magharibi mwa Geeveston. Kabla haujatulizwa ulikuwa umekula zaidi ya hekta 60,000, umeharibu njia maarufu ya watalii ya Tahune inayopita juu ya vilele vya miti, na umewatoa watu majumbani. Mamia walilala katika kituo cha dharura cha Huonville, wengine kwenye magari yao.

Tazameni basi moto huo wa Riveaux Road uliainishwaje siku ya kwanza na uliainishwaje wiki ya pili. Siku ya kwanza ulikuwa moto wa porini, wa daraja la tatu. Wiki ya pili ulikuwa tishio kwa uhai, daraja la kwanza. Kilichobadilika ni ukubwa wake tu. Kanuni ya uhai, mali, mazingira inapotumiwa kama picha ya saa hii, inamwambia mkuu wa operesheni apeleke helikopta kule kwenye nyumba na aache cheche ya bondeni. Na anapotii, anaandaa mwenyewe tishio atakalopambana nalo siku kumi baadaye. Kanuni hiyo hiyo ikisomwa kwa kuangalia mbele, inamwambia kinyume: cheche ya bondeni ndiyo nyumba ya keshokutwa. Nadhani hata waliotunga kanuni hiyo wangekubali kuwa uhai unaotangulizwa si wa leo peke yake.

Najua kanuni hiyo haikutoka hewani. Tarehe 7 Februari 1967 moto uliingia kusini mwa Tasmania na vitongoji vya Hobart, na kwa saa chache za alasiri moja watu 62 wakafa. Januari 2013 kijiji cha Dunalley kiliteketea, majengo yakaenda kwa mamia katika eneo lile, na familia zikakimbilia majini kujinusuru. Mtu anayeongoza zimamoto katika nchi yenye kumbukumbu hizo ana haki ya kutetemeka anaposikia mgeni akizungumzia miti. Lakini mafunzo ya 1967 na 2013 yalihusu moto uliokuwa karibu na watu tangu mwanzo, katika siku za upepo mkali, nao ulitaka maonyo ya haraka na watu kuondoka mapema. Moto wa radi wa porini mara nyingi humpa mkuu wa zimamoto kitu ambacho moto wa 1967 haukumpa: siku kadhaa. Kuzitumia siku hizo kwa kungoja ni uamuzi, hata pale ambapo hakuna aliyetia sahihi.

Kuna wanaosema kuwa haiwezekani, na hoja yao ya kwanza ni hesabu. Radi elfu mbili kwa siku, helikopta chache, mabonde yasiyo na njia: utaanzia wapi? Jibu ni kwamba hakuna anayewataka mkimbilie kila radi. Mitambo ya kunasa radi huonyesha ilipopiga karibu papo hapo. Setilaiti za Kijapani za Himawari hupiga picha ya eneo lenu kila baada ya dakika kumi. Ramani za mimea isiyostahimili moto mnazo, tena nzuri. Watu wa hifadhi wamezichora kwa miaka mingi. Ukiweka ramani ya radi juu ya ramani ya misonobari na ya mboji iliyokauka, elfu mbili zinabaki chache za kutisha, na hizo chache ndizo za kufikiwa kabla ya jua kuchwa. Kazi ngumu ya kuchagua inaweza kufanywa mwezi wa Oktoba, watu wakiwa wametulia kwenye viti, badala ya kufanywa usiku wa Januari na mtu aliyelala saa tatu kwa siku mbili. Wingi wa radi ndiyo sababu hasa ya kupanga mapema.

Hoja ya pili ni usalama wa wazima moto, na hapa sibishani na yeyote: hakuna mti wenye thamani ya maisha ya kijana wa kujitolea. Ila tuangalie kazi yenyewe inavyofanywa. Moto wa radi wenye umri wa saa chache mara nyingi hautoshi kujaza uwanja wa mpira. Kikosi cha watu wachache kinashushwa kwa kamba ya winchi kutoka helikopta, kila mmoja na kifaa chake chenye meno ya reki upande mmoja na makali ya jembe upande wa pili. Wanakwangua mstari hadi kwenye udongo usioungua, wanamwaga maji yaliyoletwa kwa ndoo ya helikopta, kisha wanapiga magoti na kupitisha mgongo wa mkono karibu na ardhi, hatua kwa hatua, wakitafuta joto lililojificha kwenye mizizi. Ni kazi ya kuchosha na ina hatari zake, hasa miti iliyoungua kwa ndani inayoweza kuanguka bila onyo. Lakini ukilinganisha na kuwapanga watu wale wale mbele ya ukingo wa kilomita nyingi siku ya upepo, sioni ni kwa hesabu gani kungoja kunaweza kuitwa usalama. Na pale ambapo bonde ni la hatari mno hata kwa moto mdogo, kikosi kisishushwe. Iandikwe kuwa hakikushushwa, na kwa nini.

Hapa pia niseme neno kuhusu ndege kubwa, maana umma unazipenda na wanasiasa wanapenda kupigwa picha nazo. Ndege inayomwaga maji au dawa ya kuzuia moto hupunguza kasi ya ndimi, haizimi mboji. Mboji huzimwa na maji mengi yanayoingia polepole, na vilevile na binadamu aliye chini anayeichimbua. Mwaka 2019, na tena 2025, watu wenu walitandaza mabomba na vinyunyizio kuzunguka baadhi ya miti ya kale ili kulowesha ardhi kabla moto haujafika. Karibu na Ziwa Rhona misonobari ililindwa kwa njia hiyo. Ni ushahidi mzuri, tena wa kwenu, kuwa nyika inaweza kulindwa bila kuziacha nyumba, mradi vifaa na watu wake wawe tayari kabla ya moto. Vinyunyizio vinavyosafirishwa moto ukiwa umeshafika ukingo wa ziwa havina faida kwa yeyote.

Wengine husema moto ni sehemu ya asili na uachwe. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nao ni ukweli unaopaswa kutajwa kwa heshima. Wenyeji wa kwanza wa kisiwa, ambao wazao wao leo hujiita palawa, waliishi humo kwa takriban miaka 40,000 na walichoma nyika kwa makusudi, na nyanda za majani magumu ya kinamasi mnazoziona magharibi ni kazi ya mikono yao kwa sehemu kubwa. Lakini wao walichoma vipande, kwa wakati wao, na misonobari ya milimani ilivuka miaka hiyo yote ikiwa hai. Karne mbili za walowezi na moto wao ndizo zilizopunguza eneo la misonobari hiyo kwa kiasi kikubwa kuliko milenia zilizotangulia. Anayetaka kufuata asili afuate mfano huo mzima: achome nyanda za majani wakati wa baridi ili kuwe na mkanda usio na kuni nyingi kuelekea kwenye miti isiyostahimili moto. Kuiacha radi ya kiangazi kikavu ifanye itakavyo, huku kiangazi chenyewe kikiwa kimebadilishwa na moshi wa viwanda vya dunia, si asili.

Hilo linanifikisha kwa wale wanaosema tatizo ni joto la dunia, na kisiwa cha watu wasiozidi laki sita hakiwezi kulitatua. Ni kweli hakiwezi. Wala Kilimanjaro haiwezi, na barafu yake inaisha. Lakini daktari anayejua kuwa malaria huenezwa na mbu haachi kumtibu mgonjwa aliye mbele yake. Katika miongo inayokuja miti hii itahitaji kuvushwa msimu mmoja baada ya mwingine, na kila msimu inapovuka salama ni faida halisi, hata kama hakuna anayejua dunia itafika wapi.

Linabaki suala la fedha. Nakiri kuwa vikosi vinavyokaa tayari bila moto vina gharama, na mhasibu atauliza vilifanya nini mwezi ambao radi haikupiga. Lakini gharama ya kungoja nayo mnaijua, ila imetawanyika kwenye vitabu vya watu wengi hivi kwamba haionekani mahali pamoja. Mwaka 2016 na 2019 mlileta wazima moto kutoka majimbo mengine na kutoka New Zealand, mkawalipia ndege, vitanda na chakula kwa wiki nyingi. Njia za watalii zilifungwa. Katika bonde la Huon wakulima wa zabibu waliona mavuno yao yakiingiwa na harufu ya moshi. Wafugaji wa nyuki walipoteza maeneo ya mti wa leatherwood, ambao asali yake inajulikana duniani na ambao huchukua miongo mingi kukomaa hata utoe maua ya kutosha nyuki. Msomaji wa Tabora au Kitui ataelewa hasara hiyo bila kuelezwa zaidi. Yote haya yalilipwa. Hayakulipwa kutoka bajeti ya zimamoto, basi.

Msomaji wa Kiswahili naye ana moto wake wa kukumbuka. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua, karibu kilomita za mraba 95, na wakazi, wanafunzi na wapagazi wakapanda na matawi na mapanga kuusaidia uongozi wa hifadhi. Ule ulikuwa moto wa binadamu, na binadamu anaweza kufundishwa, kuonywa, hata kushtakiwa. Radi haisikii onyo. Ndiyo maana kwa moto wa radi kazi yote ya kuzuia huangukia upande wa utayari, na ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wananchi wa Tasmania ambao hawana kosa katika hili.

Haki inataka niseme kuwa hamkukaa bure. Baada ya 2016 serikali yenu iligharimia uchunguzi wa kina juu ya moto na mabadiliko ya tabianchi katika eneo la Urithi, ulioongozwa na Tony Press. Seneti ya Australia nayo ikafanya wake. Baada ya 2019 mliyakubali mapendekezo ya tathmini, yakiwemo ya kuimarisha uwezo wa kushusha watu kwa winchi na wa kuwarudisha wazima moto wa kujitolea katika kazi za maeneo ya mbali. Kinachokosekana kwa mtazamaji wa nje ni namna ya kujua kama ahadi hizo zinafanya kazi siku radi inapopiga. Ripoti zenu hutueleza hekta zilizoungua, idadi ya ndege na idadi ya watu waliotumwa. Hazitupi kwa kila moto jambo la msingi: radi ilipiga saa ngapi, moto ulionekana saa ngapi, mtu wa kwanza alikanyaga ardhi saa ngapi, na kama hakukanyaga, nani aliamua hivyo na kwa sababu gani.

Kwa hiyo ombi langu ni la karatasi kabla ya kuwa la helikopta. Chapisheni kila mwaka, kabla ya kiangazi, orodha ya maeneo ambayo hayatarudi yakiungua, yakiwa yamepangwa kwa uzito, na kwa kila moja muda ambao mnajifunga kulifikia baada ya radi kupiga jirani yake. Utabiri wa radi kavu ukitoka, vikosi na helikopta zenye winchi ziwekwe karibu na maeneo hayo siku moja kabla, hata kama dhoruba itapita bila madhara. Moto wa mboji usitangazwe umezimika hadi watu wameukagua kwa miguu na kwa kamera za joto kwa siku kadhaa mfululizo, zikiwemo siku za upepo. Somo la mto Gell lilitosha. Na kiangazi kikiisha, chapisheni rekodi ya kila moto wa radi, ile yenye saa nilizozitaja, pamoja na ile mliyoshindwa kuifikia. Mkishindwa kwa sababu nzuri, hakuna mwenye akili atakayewalaumu.

Kiangazi chenu huanza Desemba. Nawaomba orodha ya kwanza iwe mikononi mwa umma kabla ya Novemba kwisha.

Wasalaam.